Nilisema Kweli, Wakacheka

Siku walipokuja kumchukua rafiki yangu wampeleke kijijini, nilisimama mlangoni pa nyumba yake nikawaambia kaka yake na mke wa kaka yake, kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa, kwamba wanakwenda kumuua. Nilisema hivi hivi: "Mnakwenda kumuua, na mtamuua kwa uvivu, maana hata kumpa maji mtaona ni kazi." Wakacheka. Kaka yake alicheka mpaka akashika mbavu. Majirani waliotoka kuaga nao wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipoona wote wanacheka, nikamalizia kwa kucheka.

Wao ni Wanyamwezi, mimi ni Mzaramo niliyezaliwa hapa hapa Tabora. Hiyo ndiyo iliyoniponza. Mababu zao walipita nchini kwa mababu zetu na mizigo ya watu mabegani, wakienda na kurudi njia ile ndefu, na katika kugombania visima na kuzikana njiani wakawa watani. Mtani wangu anaingia jikoni kwangu akafunua sufuria bila hodi. Mimi naingia msibani kwake nikasema marehemu alikuwa mwizi wa kuku, na wafiwa wakanishukuru. Anaweza kuninyang'anya kitu changu mchana kweupe, nisikipate mpaka nikikomboe. Ila kuna jambo moja mtani haruhusiwi, nalo ni kukasirika. Akikasirika watu wanadhani anaigiza, na kadiri anavyokasirika ndivyo anavyosifiwa kwamba anajua kutania.

Kwa miaka ishirini na kitu mimi na huyo rafiki yangu tuliweka vyerehani vyetu kwenye baraza la duka moja la vitambaa, yeye kulia kwangu. Asubuhi akinikuta nimechelewa ananiambia, "Mzaramo, kumbe u hai? Nilidhani ngoma ya jana imekuua." Nami namwambia, "Nife nikuachie nani, mla michembe wewe?" Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula chao. Alikuwa na tabia moja. Ukijisahau tu, anakuvuta mtandio kichwani, anaukunja, anaukalia, kisha anakunyooshea kiganja bila hata kukutazama, mguu wake mwingine uko kwenye pedeli. Hapo utakwenda ununue karanga za kukombolea mtandio wako, la sivyo utarudi nyumbani kichwa wazi. Nimeukomboa mtandio mara ngapi? Sijui. Wateja wetu walikuwa wakijua kabisa kwamba wakinikuta kichwa wazi, basi nguo zao hazijaisha.

Mume wake alikufa zamani, na mtoto wao wa pekee alitangulia kabla yake. Alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili, nyuma ya kwangu, na kaka yake huyo kijijini mbele ya Usinge, mlima tumbaku.

Asubuhi moja mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Niliona kitambaa kimekwama kwenye sindano na yeye anakitazama tu. Nikamtania, hakujibu. Nilipomwona mdomo umekwenda upande ndipo nikapiga kelele. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia na kikachukua maneno. Pale Kitete, hospitali ya mkoa, wauguzi walinifundisha kumgeuza, kumlisha asipaliwe, na kumnywesha maji kila saa. Maneno yake yote yaliondoka likabaki moja, nalo ni "tena." Ukimuuliza amelalaje, "tena." Ukimuuliza ana maumivu wapi, "tena, tena." Daktari akanieleza kwamba hilo hutokea, neno moja linanasa na mengine yote yanapotea, lakini mtu mwenyewe yumo ndani mzima. Niliishika kauli hiyo. Nilimtunza nyumbani kwake miezi miwili, akaanza kusimama na fimbo.

Ndipo kaka akaja. Mtu angependa kusikia kwamba alikuwa anaitaka nyumba. Ningefurahi ingekuwa hivyo, maana mwizi unajua unamfanyia nini. Hakuitaka nyumba. Hakutaka kitu chochote. Alikuwa ameona haya. Alisema, "Mtani, tunakushukuru, lakini watu wanatusemaje? Dada yetu ana ndugu halafu analishwa na Mzaramo? Damu ni nzito kuliko maji." Watu wa mtaa wakatikisa vichwa kukubali. Kwa hiyo walimchukua ili wasisemwe, na mtu akichukuliwa kwa sababu hiyo, kazi yake imekwisha siku ile ile anapofikishwa.

Nilimfungia nguo zake. Nikamtilia na kikombe chake cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni, maana vikombe vingine vilimponyoka mkono wa kushoto. Nikawaambia yale niliyowaambia mlangoni, wakacheka, gari likaondoka.

Nilipiga simu kila wiki. Kaka alikuwa akipokea kwa furaha. "Yupo, anakula, amenenepa. Wewe mtani unatafuta urithi nini?" Nikacheka na kukata simu. Nikimwambia ampe simu nimsikie pumzi tu, alisema yupo nje anaota jua. Kila nilipopiga alikuwa nje anaota jua, hata siku ambazo mvua ilikuwa inanyesha huku na huko. Nami nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, nikakubali.

Nilikwenda nilipoona simu haipokelewi wiki tatu. Nikapanda treni hadi Usinge, kisha bodaboda, njia ya mchanga na miombo, mpaka kijijini kwao. Sitakitaja. Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Watu wote wa nyumba ile walikuwa kwenye bani, banda la kukaushia, wanachochea moto. Nikaita hodi nyumba ya mbele, kimya. Nikazunguka. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja walichokuwa wanawekea tumbaku, mlango wake umefungwa kwa waya kwa nje.

Nikaufungua ule waya. Harufu ilinirudisha hatua mbili nyuma, tumbaku na mkojo. Alikuwa amelala kwenye turubai ubavu wa kulia, ubavu ule ule uliokufa, kwa hiyo hakuweza kujigeuza. Nyonga imechubuka hadi nyama. Midomo imepasuka. Kikombe chake cha buluu nilikiona kimetundikwa kwenye msumari ukutani, juu, mahali ambapo hata mimi ilibidi ninyooshe mkono. Kilikuwa kikavu, kina vumbi ndani.

Nilichota maji kwenye mtungi wa nyumba ya mbele. Akanywa kikombe kizima bila kuvuta pumzi. Akasema, "Tena." Nikachota. "Tena." Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue neno lile liwe na maana yake. Alikunywa vikombe vinne, na mimi nikawa nalia kwa hasira, si kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye.

Mke wa kaka akanikuta hapo. Hakushtuka. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za mjini, na nilipomwuliza kuhusu maji akanijibu bila kificho: "Wifi akinywa anakojoa, na sisi tuko shamba kutwa. Nani atamfulia?" Na waya? "Asitoke akaanguka." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini mbuzi wake hafunguliwi mvua ikinyesha. Mpaka leo siwezi kusema yule mama ni katili. Ningeweza kumsamehe katili kuliko yeye.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, na kaka naye akaitwa. Nikaeleza. Nilipofika kwenye msumari, nikalia mbele yao. Kaka akampiga mwenyekiti begani. "Unaona Wazaramo wanavyojua kulia? Huyu ni mtani wetu, toka zamani." Mwenyekiti uso ukamfunguka. Sasa alijua yuko kwenye jambo gani. Watani wetu hulia hivyo hivyo misibani, vilio vya uongo, watu wakavunjika mbavu. Akaniambia, "Mama, hujatuambia ulipwe nini ili unyamaze. Kuku?" Nikamwambia sitanii. Wakacheka zaidi. Nikaapa kwa jina la Mungu. Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko, kisha akasema kwa upole kidogo kwamba hata kama ni kweli, mimi si ndugu. "Mambo ya ukoo yana wenyewe."

Nilimgeuza rafiki yangu, nikamsafisha, nikamwosha kidonda, nikampa maji, nikashusha ule msumari nikaupigilia chini, usawa wa mkono wake. Halafu nikaondoka nikamwacha. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Sikuwa na nguvu ya kumbeba, na hata ningekuwa nayo, wangenikamata kwa kuiba mtu.

Ndani ya treni nilijitukana njia nzima, hasa kwa kile kicheko changu cha mlangoni. Kama ningekaza uso siku ile, kama ningekaa kimya badala ya kupiga kelele, labda jirani mmoja angesema, leo mtani hatanii, kuna nini? Lakini mimi nilipenda kuchekewa. Nilikuwa fundi wa kuchekesha kuliko nilivyokuwa fundi cherehani.

Mteja mmoja alinielekeza kwa msaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu aliyesomea kusaidia watu wasio na wakili. Yeye ni mtu wa kutoka mbali, hana utani na kabila lolote la huku, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Nilieleza yote, hakutabasamu hata mara moja. Akaniuliza, "Unataka nini?"

"Nataka mahakama inipe mimi."

"Ikupe nini?"

"Inipe yeye. Iseme akili zake zimeondoka, iniweke mimi niwe msimamizi wake."

"Ni mbuzi?"

Akaniuliza kama akili za rafiki yangu zimeondoka kweli. Nikasema hapana, daktari alisema yumo ndani mzima. "Kwa hiyo unataka kwenda kudanganya mahakamani kwamba rafiki yako ni mwendawazimu, ili umtoe kwenye chumba cha kaka yake umtie kwenye karatasi yako." Nilitamani kuondoka. Hakuna mtu aliyewahi kunisema hivyo bila kuwa mtani wangu, na kumbe inauma.

Kisha akanieleza, taratibu, kama anafundisha darasa la nne. Akasema mahakama inaweza kumweka msimamizi wa mtu asiyeweza kuamua, lakini hiyo ni njia ya mwisho, na ukiifungua, ndugu ndio watasikilizwa kwanza. Akasema mtu mzima mwenye akili timamu hana mwenyewe. Si kaka, si rafiki. Kukosa sauti si kukosa akili, na hilo linathibitishwa na daktari kwa maandishi. Akasema sheria ya watu wenye ulemavu inawabana ndugu kumtunza mwenzao, na haimruhusu mtu kumfungia na kumnyima maji kwa kisingizio cha undugu. Na akaniambia jambo lililonifanya niinue uso: anayeona haki za mtu mwenye ulemavu zinavunjwa anatakiwa kutoa taarifa, yeyote yule. "Hawatakuuliza wewe ni nani kwake. Wakikuuliza, waambie umeona nini." Taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kaka akizuia mlango, kuna polisi. Na rafiki yangu akitamka mwenyewe, kwa njia yoyote inayoeleweka, kwamba hataki kukaa pale, mbele ya afisa na mashahidi, basi hakuna ukoo unaoweza kumrudisha.

"Nenda kaandike," akasema. "Ulichokiona. Usiandike ulivyojisikia, na usimtukane mtu."

Niliharibu karatasi mbili. Ya kwanza, nilipoisoma, nilisikia sauti yangu ya barazani: nilikuwa nimemwita kaka yake majina ambayo kila mtu angeangua kicheko. Ya pili ilikuwa kilio. Ya tatu niliandika hivi: mlango ulifungwa kwa waya kwa nje. Mgonjwa alilala ubavu wa kulia ambao hauna nguvu. Kidonda kiko nyonga ya kulia. Kikombe kilitundikwa juu asikifikie. Nilipompa maji alikunywa vikombe vinne. Mke wa kaka alisema hapewi maji ili asikojoe. Ilijaa nusu ukurasa. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mtu angeweza kucheka, sikupaona. Nikaambatisha barua ya daktari, nikapeleka wilayani, nikataka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa kama nilivyoelekezwa.

Wiki ikapita, kimya. Nikarudi. Afisa ustawi alikuwa binti wa rika la wanangu, meza imejaa mafaili, na wilaya nzima inamsubiri yeye na pikipiki moja. Aliniambia barua yangu iko kwenye foleni. Nikamwambia sawa, nami nitakaa kwenye foleni, nikatoa nguo ya kushona kwa mkono, nikaketi mlangoni pake. Nilishona siku tatu. Kila akitoka ananikuta, namsalimu kwa adabu, sisemi neno jingine. Ile adabu ilinigharimu kuliko nguo niliyoshona. Siku ya nne akatoka na kofia ya pikipiki mkononi, akaniambia, "Mama, twende."

Kikao kilikaa kwenye ofisi ya mtendaji wa kata. Kulikuwa na mtendaji, Msukuma mzito asiye na haraka, afisa ustawi, kaka na mkewe, na mimi. Rafiki yangu waliagizwa wamlete, wakamleta kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka anang'aa, kavishwa kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani. Nilimwangalia nikaona mifupa ya mabega imeinua kile kitenge. Wakamkalisha kwenye kiti pembeni yangu, na hakunitazama. Alikuwa anatazama sakafu.

Afisa akajitambulisha, akamsalimu shikamoo, akamwuliza, "Mama, ungependa kukaa wapi?"

"Tena," akasema.

"Hapa kwa kaka?"

"Tena, tena."

"Mjini kwako?"

"Tena."

Kaka akafungua mikono, kwa huzuni nzuri kabisa. "Mheshimiwa, mnaona wenyewe. Dada yangu hayupo tena humu. Sisi tunamhangaikia, halafu mtani wetu huyu anakuja na barua. Mimi sina ubaya naye, ndivyo walivyo." Mtendaji akaanza kutabasamu. Nikaona ile sura ya mwenyekiti wa kijiji inakuja tena, sura ya mtu aliyetambua kwamba kumbe hakuna jambo.

Nilikuwa nimeahidi kukaa kimya. Msaidizi wa kisheria alinionya, usichekeshe mtu yeyote ndani ya kile chumba. Nilikuwa nimemeza mate siku nzima. Lakini nilimwona rafiki yangu anazama kwenye kile kiti, na hasira ikanipanda, nikamgeukia yeye badala ya kaka yake.

"Wewe mla michembe," nikamwambia. "Umekondaje hivi? Umeona mimi nimetangulia uzee ukataka unitangulie kaburi? Na hicho kitenge umekiiba wapi? Mnyamwezi hata ukimvika hariri ananuka tumbaku."

Mke wa kaka akaziba mdomo. Afisa akasema, "Mama!" Kaka akacheka, akamwambia mtendaji, nilikuambia nini?

Rafiki yangu akainua uso. Alinitazama. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda, ukanishika mtandio kichwani. Akauvuta. Ulikwama kwenye kibanio, akavuta tena kwa nguvu mpaka nywele zikaniuma. Akaukunja juu ya paja, mkunjo mmoja, akainua nyonga yake yenye kidonda, jasho linamtoka, akausokomeza chini yake, akaukalia. Halafu akaninyooshea kiganja, uso akaugeuzia dirishani.

Hakuna aliyecheka. Mtendaji, aliyekuwa anatabasamu, aliacha. Yeye ni mtu wa huku, utani anaujua tangu tumboni mwa mama yake, na alijua alichokiona. Mtu ambaye akili zimemtoka hamtambui mtani wake, hakumbuki kwamba tusi la mtani linalipwa, wala hajui kusubiri karanga. Afisa alikuwa mgeni, hakuelewa. Mtendaji ndiye aliyemweleza, kwa sauti ndogo, akamalizia, "Andika. Huyu mama ana akili zake zote."

Afisa akawa makini sasa. Akaomba ufunguo wa nyumba ya rafiki yangu, nilikuwa nao shingoni. Akauweka mezani upande mmoja, upande wa pili akamwomba kaka aweke kitu cha nyumbani kwake, naye akaweka kisu chake cha kukatia tumbaku. Afisa akamweleza rafiki yangu polepole: huu maana yake ni nyumba yako mjini, hiki ni kwa kaka. Rafiki yangu akachukua ufunguo. Afisa akaurudisha, akabadilisha pande, akauliza upya. Akachukua ufunguo. Mara ya tatu afisa aliponyoosha mkono ili aurudishe mezani, rafiki yangu aliufumba mkononi akagonga meza kwa ngumi hiyo hiyo, mara moja. Wino wa muhuri ukamwagika kwenye karatasi.

Ikaandikwa. Atakaa kwake. Atasaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe. Ndugu wanaruhusiwa kumtembelea, na afisa atakuja kumwona. Aliweka dole gumba la kushoto chini ya maandishi hayo. Nilitegemea kuona jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, nikaliona kwenye mstari wa shahidi. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona aibu.

Sasa anakaa kwake. Kidonda kilichukua miezi kufunga. Ananikasirisha kila siku: hataki uji wangu, hataki fimbo niliyomnunulia, anataka kukaa barazani kwenye cherehani ambacho hawezi kukiendesha na kunitazama nikikosea. Mtandio wangu haudumu kichwani.

Kaka yake alikuja mwezi uliopita. Nilikuwa nimemwambia kwa simu, maneno ambayo sikujua kama mtu anaweza kuyasema, kwamba mimi na yeye hatuna utani tena mpaka kufa. Alicheka. Huko kijijini, nimesikia, anasimulia kwamba mtani Mzaramo amewanyang'anya dada, na wao wanatafuta cha kumkombolea. Watu wanavunjika mbavu. Na kweli alifika na ndoo ya asali na kuku miguu juu, akasimama mlangoni pale pale niliposimama mimi, akapaza sauti majirani wasikie: "Hodi mtani! Nimekuja kukomboa dada yangu!" Majirani wakatoka, wakaanza kucheka.

Yote niliyoyaandika, muhuri, ufunguo, ngumi juu ya meza, yule mtu aliyameza na kuyafanya kichekesho, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa mila ile ile niliyoipenda maisha yangu yote.

Rafiki yangu alikuwa ameketi ndani, karibu na mtungi. Akamwonyesha kaka yake kigoda. Kaka akaketi, bado anacheka. Rafiki yangu akachukua kikombe chake cha buluu, akachota maji kwa mkono wa kushoto, akijimwagia, akampa. Mgeni hupewa maji. Kaka akapokea kwa heshima, akanywa, akasema ahsante dada. Akamrudishia kikombe.

Rafiki yangu akakichukua, akachota kingine, kikajaa mpaka ukingoni.

"Tena," akasema.

Kaka akacheka, akanywa. Dada yake akachota cha tatu. "Tena." Kaka akanywa, polepole. Dada akachota cha nne, akakishika mbele ya uso wa kaka yake, maji yanamdondokea magotini, na hakukishusha. Nilisimama nikahesabu kimya kimya. Majirani walikuwa wamesogea mlangoni. Kaka aliangalia kikombe, akaangalia ile nyonga ya dada yake, akaangalia chini.

"Tena," akasema rafiki yangu.

Kaka akanywa, na safari hii hakucheka.